Bahasha Kumi na Moja

Jumapili, 6 Novemba 1994

Daftari hili lilisahaulika darasani ninapofundisha, jipya, halina jina. Nimengoja wiki mbili mwenyewe ajitokeze. Hakujitokeza, basi ni langu, na nitaandika humu mpaka mvua ziishe. Kila siku nawashauri wenzangu waandike yanayowapata. Si vizuri mpishi aogope chakula chake.

Leo ukurasa wangu umetoka. Gazeti letu la parokia ni karatasi nne zilizopigwa kwa stensili, linatoka kila baada ya wiki mbili, na ukurasa wa tatu ni wangu: "Nyumba Yetu". Mashauri ya ndoa, zawadi, kazi, mapumziko. Watu hutia maswali kwenye sanduku la mbao mlangoni mwa kanisa na mimi ndiye mwenye ufunguo. Padre anasema wapo wanaosoma ukurasa wa tatu wakati yeye anahubiri. Sijui kama alikuwa ananisifu.

Fulgence, mume wangu, hausomi. Anasema anauishi.

Yuko nyumbani tangu Julai. Miaka ishirini na miwili alikuwa mtunza stoo, kisha siku moja wakapunguzwa watu sitini kwa mpigo, kila mmoja na barua yake. Wiki ya kwanza alilala. Ya pili alikaa uani akitazama kuku wa jirani. Ya tatu nikamwandikia ratiba, nikaibandika jikoni: saa moja kufagia, saa tatu kusoma, saa tano bustani, saa kumi matembezi. Mwanamume asiye na ratiba huoza. Hata gazetini niliandika hivyo, ingawa kwa maneno laini zaidi.

Sasa amepata wazo lake mwenyewe. Anataka kulima eka mbili alizoachiwa na marehemu baba yake kule Mletele, zote mahindi. Amealika watu kumi na mmoja wa kule wamlimie Jumamosi ya tarehe 19, kwa desturi yao: mwenye shamba anapika pombe na chakula, majirani wanakuja na majembe yao. Leo baada ya kula akaniomba nipike hiyo pombe yao, komoni.

Nikamwambia hapana. Agosti niliandika ukurasa mzima kuhusu pombe ya kulimia: nafaka inakwenda kwenye pipa, watu wanalima nusu siku na kulewa nusu siku. Kichwa cha makala kilikuwa "Mfanyakazi Mlipe Siku Hiyohiyo". Nikipika komoni nyumbani kwangu nitamtazamaje msomaji?

"Basi pika chochote," akasema. "Ila waje wakute kitu."

Jumatano, 9 Novemba

Mawingu. Kumbikumbi wameanza kutoka.

Jumamosi, 12 Novemba

Nimepanga. Wali, nyama ya ng'ombe, chai ya maziwa, mkate wa siagi. Na jambo moja ambalo sijamwambia Fulgence, ili liwe zawadi kwake pia: bahasha kumi na moja, kila moja na jina la mtu kwa mwandiko wangu mzuri, na ndani ujira wa siku, ule wanaopewa vibarua hapa mjini na zaidi kidogo. Nimezifunga kwa gundi. Nimejisikia vizuri kama siku ya kugawa ripoti.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimerudi. Nina hasira, mwandiko utakuwa mbaya.

Walianza kazi kabla jua halijachomoza. Wifi yangu Kunegunda, dada yake Fulgence, ambaye nyumba yake iko kichwani mwa shamba, aliwaanzishia wimbo. Tadei, aliyekua pamoja na Fulgence tangu kuchunga mbuzi, alilima mstari wa pembeni yake, wakishindana na kutukanana kwa utani. Bibi Walburga, mwenye miaka sabini na zaidi, alikwenda polepole na hakusimama hata mara moja. Fulgence alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo upande wa kushoto.

Saa sita wakaketi barazani kwa Kunegunda. Wakala vizuri. Tadei akaniuliza, "Shemeji, na ile kitu yenyewe? Au umeificha nyuma ya nyumba?"

Nikasimama. Nikasema niliyokuwa nimeyaandaa: kwamba dunia imebadilika, biashara ni huria, jasho la mtu lina bei yake na si haki kulinunua kwa kikombe cha pombe. Kisha nikagawa bahasha.

Hakuna aliyekataa. Walipokea kwa mikono miwili, wakasema asante. Bibi Walburga akaifunga yake kwenye pindo la kanga. Tadei akaigeuzageuza, akasoma jina lake.

"Kumbe sisi ni vibarua," akasema taratibu. "Fulgence, ungetuambia mapema. Kibarua huuliza bei kwanza."

"Mimi sikujua," Fulgence akajibu.

Wakanawa, wakachukua majembe, wakaaga mmoja mmoja kwa adabu zote. Nusu ya shamba haijaguswa. Niliwaita, nikawaambia bado kuna jua. Mmoja akanijibu, "Tumeshalipwa, Mwalimu."

Fulgence alirudi shambani peke yake akalima mpaka giza. Mimi nimepika tangu saa tisa usiku, nimetoa akiba yangu, na hakuna hata mmoja aliyefurahi. Shukrani ya punda ni mateke.

Jumatano, 23 Novemba

Mvua. Fulgence ameondoka na baiskeli na jembe kabla sijaamka. Ratiba ya jikoni inasema afagie.

Jumapili, 27 Novemba

Nimefungua sanduku baada ya misa. Nilitegemea maswali mawili matatu ya Krismasi.

Zilikuwa bahasha. Zile zangu. Kumi, na majina yao, zimefungwa vilevile. Moja ina alama ya kidole chenye udongo. Hakuna barua, hakuna neno.

Niliketi kwenye benchi la nyuma mpaka mtunza sakristia akaja na ufagio. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Wamekuja mpaka mjini, kila mmoja kwa wakati wake, wakaingiza mkono kwenye sanduku la mashauri.

Iliyokosekana ni ya Bibi Walburga tu. Hizi kumi nimezificha kwenye kabati, chini ya mashuka. Fulgence sijamwambia.

Jumanne, 29 Novemba

Jirani yangu hapa Msamala, Bi Chiku, mtu wa Tunduru, ameniletea korosho kwenye lile bakuli la bluu. Miaka sita bakuli hilo linavuka uzio. Likija na korosho linarudi na maharage, likija na samaki wa kukaanga linarudi na matunda ya masuku. Halijawahi kurudi tupu na sijawahi kufikiri juu yake.

Akaniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu, wallahi, siku ile ya kwanza ungenilipa zile korosho, ningekuuzia mpaka leo. Na chai yako nisingeinywa tena."

"Lakini wao wametumia nguvu zao, Bi Chiku."

"Kwani korosho zangu zilijibangua zenyewe? Wewe uliwalipa ili mmalizane. Nani kakwambia watu wanataka kumalizana?"

Akaenda zake. Nimekula korosho zote peke yangu na hazikuniingia vizuri.

Jumatatu, 5 Desemba

Fulgence amepanda. Eka moja na robo kwa mbegu aliyonunua kwa mfanyabiashara. Mbolea ya mkopo hakuna siku hizi. Iliyobaki hakuweza kuilima. Anakula, anashukuru, analala.

Jumapili, 11 Desemba

Sandukuni kulikuwa na barua moja. Naibandika neno kwa neno, maana sijui nitafanya nini nayo.

"NDUGU MSHAURI. MIMI NI MWANAMUME WA MIAKA HAMSINI NA MBILI. SINA KAZI, ILA NINA RATIBA, IMEBANDIKWA JIKONI. NILIKUWA NA WATU KUMI NA MMOJA. SASA WANAITIKIA SALAMU TU. NAOMBA USHAURI. MTU ANAOMBAJE RADHI KWA KOSA LA MKEWE BILA KUMWAIBISHA MKEWE?"

Haina jina. Lakini miaka ishirini na miwili alijaza kadi za stoo kwa herufi kubwa hizohizo, na ile R yake ina mguu mrefu. Naye anajua sanduku nalifungua mimi. Hakujificha. Alikuja kwenye mlango pekee ambako alijua nitasikiliza.

Nimefika nyumbani nikamkuta anamenya viazi. Nikamwambia Krismasi imekaribia. Akasema naam.

Ijumaa, 16 Desemba

Gazeti linachapwa kesho. Nimeandika jibu mara tatu. La kwanza lilikuwa na hatua saba. La pili lilikuwa na hatua tatu na methali. La tatu lilianza na "Ndugu yangu, mkeo huenda ana nia njema," nikalichana kabla sijafika nukta. Nimepeleka makala ya kupamba meza ya Krismasi.

Jumapili, 25 Desemba

Kila mwaka watu wa Mletele hupita kwetu baada ya misa, wanajaa mpaka uani. Leo nimepika sufuria mbili kama kawaida. Amekuja Kunegunda peke yake, na kuku kwapani.

Nikamsubiri Fulgence atoke. Nikamwuliza, "Wifi, ni kwa sababu ya pombe?"

"Pombe? Wengine hawanywi hata hiyo. Bibi Walburga anakunywa togwa. Ungewapa chai na mkate wako wangekusema wiki moja na kucheka, basi."

"Kumbe nini?"

Akaendelea kunyonyoa kuku. Kunegunda hana haraka, ndiyo maana tumeelewana.

"Wifi, mtu akikulimia, amekukopesha mgongo wake. Siku moja na wewe utainama kwake. Ndiyo maana ukiumwa anakuja kukutazama. Anataka upone, umrudishie!" Akacheka, kisha akaacha. "Wewe umewalipa siku hiyohiyo, kama mtu anayeogopa kudaiwa nao. Wameona unafunga mlango. Na si wewe tu, umefunga na wa kaka yangu. Yule hana ofisi tena, wifi. Alikuwa amebakiwa na sisi."

Nililia juu ya manyoya ya kuku. Nimesomea upishi, ushonaji na malezi kwa miaka mitatu, nina cheti, na hakuna aliyenifundisha hilo. Au nilifundishwa utotoni nikaliona la kizamani.

"Nifanyeje?"

"Una jembe?"

Jumatano, 28 Desemba

Fulgence ana homa. Ameanza klorokwini, inamwasha mwili mzima, anajikuna na gunzi. Anaweweseka juu ya magugu.

Jumamosi, 31 Desemba

Nimekwenda kuliona shamba. Mahindi yanafika gotini na magugu yanafika gotini. Yasipopaliliwa Januari hakuna kitu. Fulgence hawezi kusimama. Pale njia panda walikuwapo vibarua wanangoja wateja. Kwa zile bahasha kumi ningepata palizi nzima kwa siku mbili. Nilisimama mbele yao muda mrefu mpaka mmoja akaniuliza, "Mama, una kazi?" Nikasema ninayo, ila si yao.

Jumatatu, 2 Januari 1995

Nimemwacha Fulgence na uji na Bi Chiku. Nimechukua jembe lake, nikaenda Mletele. Si kwetu. Kwa Tadei.

Alikuwa anapalilia na mkewe. Nikaamkia, nikashika mstari.

"Mwalimu," akasema, "sisi hapa hatuna bahasha."

"Nimekuja na jembe, shemeji. Mkoba nimeuacha nyumbani."

Hakunifukuza. Hakunikaribisha. Nilipalilia mistari minne, nikakata mahindi mawili kwa bahati mbaya, nikayasimamisha kwa udongo yaonekane mazima. Mkewe aliona. Mpini wa Fulgence ni mrefu, unanigonga kwenye mbavu.

Jumanne, 3 Januari

Nyumba ya pili ya wale kumi na mmoja. Malengelenge sita.

Jumatano, 4 Januari

Nyumba ya tatu. Yamepasuka.

Alhamisi, 5 Januari

Nyumba ya nne. Mvua imetukuta katikati, tukajibanza kibandani. Mwenye shamba akanipa hindi la kuchoma la mwaka jana, gumu kama jiwe. Nililitafuna lote.

Ijumaa, 6 Januari

Fulgence ameketi leo, amekula. Ameniuliza ninakwenda wapi kila siku. Nikasema Mletele.

"Shamba likoje?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia shamba letu sijaligusa, magugu yamelipita. Nikadhani atakasirika. Alinitazama mikono. Akainuka akishika ukuta, akaenda jikoni, akachemsha maji, akatia chumvi, akaniwekea beseni niloweke mikono. Alikaa pembeni yangu mpaka maji yakapoa.

Baadaye nilikwenda kuweka beseni. Ile ratiba nikaibandua, nikawashia moto.

Jumamosi, 7 Januari

Nyumba ya tano na ya sita, zimepakana.

Jumanne, 10 Januari

Ya nane. Kunegunda alipita njiani akaniona nimejishika kiuno. "Jembe la mumeo limekuzidi," akasema, watu wakacheka. Nami nikacheka. Ni mara ya kwanza wamecheka nikiwepo.

Ijumaa, 13 Januari

Nyumba zote kumi. Hakuna aliyesema atakuja kwetu. Nimepita shambani kwetu nikitoka: kule bondeni mahindi yamekuwa ya njano. Nimejiambia kwamba kama ninainama ili nilipwe, basi ni zile bahasha tena. Nimejiambia hivyo na bado nimeumia.

Jumamosi, 14 Januari

Bibi Walburga nilimwacha wa mwisho kwa sababu namwogopa. Ana kishamba kidogo, mihogo na mahindi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanionyesha pa kuanzia. Tulimaliza saa saba. Akaniletea togwa kwenye kata, kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha. Ina madoa ya moshi. Haijafunguliwa.

"Mwanangu, hii barua uliyonipa siku ile. Sina wa kunisomea hapa, wajukuu wako mjini. Nisomee."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na noti tu. Akakaa kwenye kigoda, akafunga mikono, anangoja. Nikazishika zile noti mbele ya macho, nikasoma.

"Bibi Walburga. Shikamoo. Umenilimia na mgongo wako umezeeka. Sina cha kukulipa. Nitakuja kukupalilia Januari. Ukiumwa niite. Mimi mke wa Fulgence, Theodosia."

Nikazikunja zile noti mapajani.

"Ni barua nzuri," akasema. "Imechelewa kusomwa. Na hizo karatasi zilizoisindikiza?"

"Ni... pesa, Bibi."

"Haya. Zikanunue ulezi wa kimea. Komoni ya dukani hakuna, mwanangu, lazima mtu aipike. Wale wenzangu wanangoja kuitwa tu."

Sijui kama kweli hakujua kilichokuwa ndani. Macho yake hayaoni vizuri, lakini vidole vyake vinajua mengi.

Jumapili, 15 Januari

Nimezitoa bahasha kumi chini ya mashuka, nikaziweka mbele ya Fulgence na hii ya Bibi Walburga. Nikamwambia kila kitu, mpaka ule uongo wa barua. Akazipanga kwa majina, kwa alfabeti, kazi ya stoo haimtoki mtu.

"Za komoni," nikamwambia.

"Wewe?"

"Mimi. Kunegunda atanifundisha."

Alitoka nje, nikamsikia anampigia kelele Bi Chiku juu ya uzio kwamba mkewe amechanganyikiwa. Sauti yake ilikuwa ya furaha.

Jumatano, 25 Januari

Natoka shuleni saa nane, nakwenda kukoroga pipa. Nanuka kimea. Wanafunzi wananitazama.

Jumamosi, 28 Januari

Wamekuja tisa. Wawili hawakuja: mmoja amefiwa, mmoja hakusema sababu na mimi sikuuliza. Bondeni pamekufa, hakuna la kufanya, ila eka nzima ya juu imesafishwa na imebaki kijani. Nilipalilia nao, kisha nikagawa komoni kwa kata moja, nikimpa mkubwa kwanza kama Kunegunda alivyonielekeza. Tadei akaonja, akakunja uso.

"Shemeji, hii ni mbaya."

"Ni ya kwanza."

"Mwakani itakuwa afadhali," akasema, akanyoosha tena kata. Mwakani. Fulgence alisikia. Akageuka upande akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Jumapili, 12 Februari

Ukurasa wangu umetoka na sentensi mbili. Padre ameuliza kama nilikuwa mgonjwa. Nafasi iliyobaki ameijaza kwa saa za misa. Niliandika hivi: "Kwa ndugu aliyeuliza mwezi Desemba: usimwombee mkeo radhi. Ameshakwenda mwenyewe, na bado anaendelea."

Fulgence alichukua gazeti mlangoni, akalisoma akiwa amesimama juani. Akalikunja mara nne, akalitia mfuko wa shati. Nyumbani alizungumza habari za mvua.

Jumapili, 19 Februari

Sandukuni leo: swali moja la mama mkwe, moja la zawadi ya kipaimara. Na kipande cha karatasi, herufi kubwa, R yenye mguu mrefu.

"NDUGU MSHAURI. JIBU LIMEFIKA. TADEI ANALIMA VIAZI JUMAMOSI, TUMEALIKWA SOTE WAWILI. NIMEKUTAFUTIA JEMBE LAKO, MPINI NIMEUCHONGA. ULE WANGU ULIKUWA UNAKUPIGA MBAVU."

Nimefika nyumbani, nikaangalia nyuma ya mlango wa jikoni. Liko pale, mti mpya mweupe, bado una harufu. Nimelishika, nikainama nalo hapohapo jikoni. Limenifaa.